Kibodi Iliyokatwa Kati

Ijumaa niliyokabidhiwa ile kibodi nilikuwa nimetoka kumwomba jirani anifunge kishikizo cha kanzu. Mtu mzima wa miaka arubaini na sita nimesimama mlangoni kwangu, shingo nimeinyoosha kama mtoto anayepelekwa chuo cha Kurani, na jirani, mwenye haraka zake za kuwahi msikitini, anakifunga huku akitazama ukutani ili nisione haya. Ilikuwa Ijumaa ya tatu kunifanyia hivyo, na kule kutazama ukuta kwake kulinitisha kuliko ganzi yenyewe.

Ganzi ilikuwa mkono wa kulia: dole gumba, kidole cha shahada na cha kati. Nikishika kikombe cha chai nilijua ni cha moto kwa kuuona mvuke. Nikitia mkono mfukoni kutafuta funguo, nilitoa kila kitu nje nikaziangalia kwa macho, maana vidole havikuweza tena kuniambia ipi funguo na ipi sarafu. Daktari niliyemwendea jana yake aliubonyeza mkono wangu, akaukunja, akaugonga kwa ncha ya kalamu, kisha akaniuliza kazi yangu.

"Napiga chapa," nikamwambia.

"Tangu lini?"

"Tangu niko skuli."

Akatikisa kichwa. Alinieleza kuwa kuna mshipa wa fahamu unaopita chini ya kifundo cha mkono kuingia kiganjani, na wangu ulikuwa umebanwa. Miaka yote hiyo mikono yangu imelala kifudifudi, imejikunja kwa nje, kama mtu anayelala vibaya kila siku akashangaa shingo kumuuma. Nikiendelea hivyo hivyo, alisema, itafika siku ganzi haitaondoka tena.

"Na nikiendelea, lakini si hivyo hivyo?"

Akacheka kidogo. "Hilo silijui bado. Nirudie baada ya miezi miwili."

Nilitoka pale nikitembea polepole, jambo lisilo kawaida yangu. Mimi ni mtu wa miguu. Nimeishi Tanga, nimeishi Mombasa, nimekaa Maskat miaka sita na Moroni miaka mitatu, na kila nilipokuwa niliikumbuka Unguja, na kila niliporudi Unguja niliikumbuka nilikotoka. Sikuwahi kuogopa kuondoka kwa sababu kila mji una watu wanaotaka kuandikiwa. Nilikuwa nikishuka na begi moja, nikiuliza wapi pana ofisi yenye mashine, nikiketi, nikiwaonyesha mikono. Sikuwa na shahada nyingine zaidi ya kidato cha nne. Vidole kumi hivi ndivyo vilivyokuwa elimu yangu, na sasa vitatu kati yavyo vilikuwa vinaniaga.

Meza yangu ya sasa iko Mlandege, ndani ya duka la rafiki yangu anayeuza vifaa vya kompyuta: chaja, waya, wino wa printa, vioo vya simu. Yeye yuko nyuma ya kaunta, mimi niko karibu na mlango, na watu hunijia na barua za kuomba kazi, mikataba ya nyumba, wasia, barua za posa. Ijumaa hiyo baada ya sala nilipita pale nimueleze aliyosema daktari. Akanisikiliza mpaka mwisho, akainama chini ya kaunta, akatoa sanduku bapa jeusi.

"Sheikh," akasema, "hii nimeletewa kutoka Dubai nione kama naweza kuiuza. Mimi muuzaji tu, mwandishi wewe. Kaa nayo. Ukiniambia inafaa, naagiza. Ukiniambia haifai, nairudisha kwa wenyewe."

Nilifungua sanduku. Ndani mlikuwa na kibodi, na ilikuwa imekatika katikati.

"Imevunjika," nikasema.

"Haikuvunjika. Ndivyo ilivyozaliwa."

Nikaitazama vizuri. Kweli, hapakuwa na jeraha. Ilikuwa vipande viwili kamili, kila kimoja na ukingo wake uliolainishwa, kila kimoja na miguu yake, na baina yao waya mfupi uliosokotwa kama nywele za mtoto. Upande wa kushoto uliishia T, G na B. Upande wa kulia ulianzia Y, H na N. Nikakumbuka milango yetu ya Mji Mkongwe yenye mbao mbili, ila milango ile ina mfaa katikati, ule mti unaoziba ufa, na hapa hapakuwa na mfaa. Paliachwa wazi. Ungeweza kuweka kikombe cha kahawa baina ya G na H.

"Sasa mtu ataandikaje kitu kilichogawanyika?"

"Ndiyo nimekupa wewe," akasema, akaenda kumhudumia mteja.

Kuna namna ya kukijaribu kitu, na kila mtu hapa anaijua. Nazi huitikisa sikioni. Sufuria huigonga kwa kucha. Nikaishika nusu ya kulia kwa mikono miwili, nikaikunja kama mtu anayekamua nguo. Haikupinda wala haikulia. Kibodi zangu zote za zamani ukizikamua hivyo hulia kama kitanda cha mwakisu, kile cha kamba. Nikakibonyeza kitufe pembeni kabisa, si katikati, kwa sababu hapo ndipo uongo hujulikana: kitufe cha ovyo ukikibonyeza pembeni hujipindua na kukwama. Hiki kilishuka wima, kikarudi wima. Nikajaribu kingine, na kingine. Chini ya kila kitufe palikuwa na swichi yake peke yake, yenye springi yake, na kikifika nusu ya safari yake kulikuwa na kinundu kidogo, kama kizingiti, kinachokuambia kwamba herufi imeshaandikwa na huna haja ya kuendelea kusukuma. Herufi zenyewe hazikupakwa rangi juu. Zilipita mpaka ndani ya plastiki, kwa hiyo haziwezi kufutika. Kwenye kibodi yangu ya zamani herufi A ilikuwa imeshafutika, nikiijua kwa mazoea.

"Na hili gamba lake ni nini?" nikauliza.

"Chuma. Si bati, chuma hasa. Iguse, utasikia baridi yake."

Nikaigusa. Nilihisi uzito, lakini baridi sikuisikia. Kwa vidole vyangu ingeweza kuwa plastiki, mbao, au gome la mti. Nikamwambia, "Naam, chuma," kwa sababu nilimwamini, na kwa sababu sikutaka anitazame kama alivyonitazama jirani.

Siku ya kwanza niliketi nayo, nikazitenga nusu zile mbali, upana wa mabega yangu. Sijui niielezeje hali ile. Maisha yangu yote ya kazi nimekaa kama mtu anayepita kwenye kichochoro: mabega yameingia ndani, viwiko vimebana mbavu. Mara ile kifua kilifunguka. Nilijikuta nimevuta pumzi ndefu bila kukusudia. Kisha nikainua pande za ndani za zile nusu ili mikono isilale kifudifudi bali isimame kidogo, kama ya mtu anayetaka kupeana mkono na mwenzake. Miguu iliyokuja nayo ilikuwa mifupi mno kwangu, na hiyo ni kasoro ya kwanza niliyoiandika, basi nikaenda kwenye baraza iliyo karibu na duka wanakocheza watu dhumna nikaazima vipande vinne, viwili kila upande. Walinisumbua wiki nzima. "Sheikh, mchezo umekufa. Sita kwa sita yetu umeikalisha chini ya kompyuta."

Kilichonishangaza ni hiki. Nani alikaa huko aliko, asiyenijua, akaufikiria mkono wangu? Kwa sababu mtu hawezi kutengeneza kitu kama kile bila ya kuufikiria mkono wa mtu kwa muda mrefu. Aliukadiria urefu wa dole gumba. Alijua kwamba dole gumba ndilo lenye nguvu kuliko yote, na kwamba katika kibodi za kawaida limepewa kazi moja tu, spesi, basi yeye akaliwekea vitufe vinne. Na spesi akaigawa pia: kila nusu na spesi yake. Hilo nililitazama muda mrefu kuliko yote. Kuna jambo lilinigusa ndani, sikulijua ni nini.

Lakini kuandika kulinishinda.

Siku ya tatu alikuja Bi mmoja kuandikiwa barua ya posa ya mwanawe. Barua ya posa haiandikwi kienyeji. Ina salamu zake na heshima zake, na itasomwa na wazee wa upande wa pili neno kwa neno. Nilipiga chapa, nikaitoa kwenye printa, nikampa kwa fahari bila ya kuisoma. Yule Bi akavaa miwani yake. Akasoma mstari wa kwanza, akanitazama juu ya miwani, akausoma tena kwa sauti.

"'Baada a salamu, tunaleta posa etu kwa binti enu.'" Akaiweka karatasi mezani. "Mwanangu hana kigugumizi, maalim. Mbona barua yake inacho?"

Niliomba radhi, nikaitia ile herufi kila mahali ilipokosekana, na alipoondoka nikaibeba kibodi mpaka kaunta. "Y yake mbovu," nikamwambia rafiki yangu. "Haiandiki. Kitu kizuri, lakini kina ila. Irudishe."

Akaibonyeza Y. Ikaandika. Akaibonyeza mara kumi, zikatoka Y kumi.

"Hebu kaa uandike nikuone," akasema.

Nikakaa, nikaandika bila ya kuvitazama vitufe. Yeye akasimama nyuma yangu, akaviinamia vidole vyangu. Kisha akacheka mpaka akashika meza.

"Sheikh, kidole chako cha kushoto kinagonga mbao. Tazama. Kila ukitaka Y, mkono wa kushoto unaruka nje ya kibodi, unaigonga meza."

Nilitazama, na ilikuwa kweli. Kidole changu cha shahada cha kushoto kilitoka kwenye T, kikavuka ukingo, kikagonga meza tupu pale pale ambapo Y ingekuwa kama kibodi isingekatwa. Y ilikuwa upande wa pili, mbali, inangojea mkono wa kulia. Na mkono wa kulia haukuwa na habari nayo.

"Nani alokufundisha hivyo?" akaniuliza. "Duniani kote Y ni ya kulia."

Nilikuwa nimeshamkumbuka aliyenifundisha.

Dada yangu ni mkubwa wangu kwa miaka miwili. Baba yetu alikuwa tarishi, na siku moja ofisi ilipobadilisha vifaa akarudi nyumbani kwetu Ng'ambo na taipureta kuukuu begani, nzito kama mzigo wa mhogo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tatu. Tuliigombania ile mashine mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Mama alikuwa anasuka mkeka. Mama hakuwa na kesi nyingi. Alikuwa na hukumu moja tu aliyoitumia kwa mkate wa boflo, kwa embe, kwa samaki, kwa kila kitu: mmoja akate, mwengine achague. Anayekata atajitahidi akate sawa, kwa sababu mwenzake ndiye atakayechagua kwanza. Haikuwahi kushindwa. Basi akaitumia kwa taipureta. Akachomoa chane moja ya ukindu kwenye mkeka wake, akampa dada.

"Wewe kata."

Dada akaufunga ule ukindu juu kwenye bomba la kuviringishia karatasi, akauvuta chini mpaka ukingo wa mbele, ukapita juu ya vitufe ukiigawa mashine pande mbili. Nami nikachagua. Nilichagua kushoto.

Haikumpitikia hata mmoja wetu kwamba taipureta si boflo, na kwamba mwenye nusu hana kitu. Kesho yake tukagundua. Mimi peke yangu nilikuwa siwezi kuandika hata jina langu. Yeye hali kadhalika. Kwa hiyo tukaketi mkekani bega kwa bega, mimi na mkono wangu wa kushoto, yeye na wake wa kulia, na tukawa tunaandika kama mtu mmoja. Kwa sauti hatukusema kitu. Neno likija, kila mmoja alizijua herufi zake. Tuligundua kuwa neno "mimi" lote lilikuwa lake, na neno "wewe" lote lilikuwa langu, na tulicheka kwa hilo siku nzima. Ugomvi ulibaki mmoja tu, wa spesi, maana ilikuwa ubao mmoja mrefu uliopita chini ya mpaka, na kila mmoja akidai ni zamu yake. Tulifikia kasi ambayo watu wazima walikuja kuitazama. Majirani wakaanza kutuletea barua zao. Halafu dada akaolewa Jambiani, ukindu ukakatika, nikajifunza upande wa kulia peke yangu, kwa huzuni zaidi kuliko kwa bidii. Huo ndio msomo wangu wote.

Nikaifunga kibodi kwenye taulo, nikaitia kwenye kikapu pamoja na kompyuta yangu ndogo, nikaenda Jambiani.

Zilikuwa siku za maji mafu, bahari haitoki vya kutosha kwenda shambani kwa mwani, na wanawake walikuwa majumbani wakitayarisha kamba zao. Nilimkuta dada uani, miguu ameinyoosha, anafunga taitai, vile vijikamba vyembamba vinavyoshika miche ya mwani, kimoja baada ya chengine kwenye kamba ndefu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mtoro kaja." Hakuinua macho. "Safari hii unakwenda wapi? Bara Hindi?"

"Nimekuja kwako."

Hapo akainua macho. "Una nini?"

Nikamwambia juu ya mkono. Akauchukua, akaubonyeza kidole kimoja kimoja kwa vidole vyake vilivyopasuka kwa chumvi, akiniuliza, "Hapa wasikia? Hapa je?" Nikijibu hapana, alikuwa akikaza midomo. Kisha nikaifungua kibodi juu ya mkeka, na yeye akaitazama hivyo hivyo nilivyoitazama mimi, na akasema neno lile lile.

"Imevunjika."

"Haikuvunjika."

Akazitenga nusu zile. Akazirudisha pamoja. Akazitenga tena. Akaiona spesi ya kushoto, akaiona spesi ya kulia, akaziwekea kidole moja baada ya nyengine.

"Kila mtu na yake," akasema taratibu. "Laiti mama angeiona hii."

Pale ndipo nilipojua ni kitu gani kilichonigusa siku ya kwanza.

Bila ya kuambiwa akaivuta nusu ya kulia mpaka mapajani pake, waya uliosokotwa ukanyooka mpaka mwisho, na mimi nikabaki na ya kushoto. Alikuwa hajagusa herufi kwa miaka karibu thalathini. Mikono yake imefunga mwani, imekamua nazi, imelea watoto watano. Akaviweka vidole, akafumba macho.

"Haya. Ile ya majirani."

Nilijua anataka ipi. Kila barua ya mtaani kwetu ilianza namna moja. Nikaanza, na yeye akafuata. Nilimtazama mkono. Ulikuwa mzito mwanzoni, ukasita, kisha ukatangulia wenyewe, na sauti ya vitufe, ile sauti nene ya kokoto zinazogongana majini, ikawa moja, hujui mpaka ni wapi. Nilisikia nywele za mikono zikinisimama. Hatukukosea herufi hata moja, isipokuwa ile moja. Kwenye kioo palikuwa na maneno haya: *Baada a salamu, mimi ni mzima, sijui wewe huko uliko.*

Dada akasoma. "Mbona huipigi Y?"

"Y iko kwako. Tazama."

Akatazama mapajani pake. Ilikuwepo, mwanzo kabisa wa mstari, jirani na U. "Hii si yangu," akasema. "Hii yako. Nilikupa mwenyewe."

"Ulinipa vipi?"

Akaanza kucheka, mkono mdomoni, kama msichana aliyefumaniwa. "Mimi nilitaka kulia. Nikakujua wewe, roho yako. Siku zote ulichukua kipande kikubwa. Basi nikaupinda ukindu kidogo, nikaiingiza Y upande wa kushoto, ili uone kwako kwingi. Nikasema moyoni, huyu atakwenda kushoto mbio. Ukenda." Akayafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kanga. "Y nilikuhonga nayo."

Sikucheka mara moja. Nilikuwa nafikiri juu ya Tanga, Mombasa, Maskat, Moroni. Katika kila ofisi, kwenye kila mashine, mamilioni ya mara pengine, kidole changu kilivuka mpaka kwenda kuchukua hongo ya dada yangu. Nilidhani naondoka. Nilidhani kila nilipopanda chombo nimeacha nyumba yetu nyuma. Kumbe nilikuwa natembea na chane ya ukindu mkononi, imepinda vile vile alivyoipinda yeye akiwa na miaka kumi na tano, na hakuna bahari iliyoweza kuinyoosha.

"Na huo mkono wa kushoto ukenda kulia," dada akaendelea, sasa kwa sauti ya kazi, "wa kulia ulikuwa unafanya nini?"

Nikafikiri. Nikaweka mikono kwenye mkeka, nikauigiza mwendo wa zamani. Mkono wa kulia ulijipinda nje kuupisha. Kila Y. Kila "ya", kila "yake", kila "yangu", kila "nyumba". Ulikuwa ukimpisha mgeni njiani miaka yote, kwa adabu, mpaka ukaumia.

Dada akachukua taitai moja, akaukamata mkono wangu wa kushoto, akakifunga kidole cha shahada na mwenzake wa kati, fundo la mwani, ambalo halikazi wala halilegei. Akanipimia: nikiifikia T, sawa. Nikiifikia B, sawa. Nikitaka kuvuka ukingo, kijikamba kilinivuta.

"Hiyo kaa nayo mpaka usiihitaji," akasema. "Nilikupindia mimi, nakunyooshea mimi."

Nilirudi Mlandege na kijikamba kidoleni. Rafiki yangu alinitania ya kunitania. "Sheikh ameposwa." Wateja waliuliza kama nimevunjika. Wiki ya kwanza niliandika polepole kuliko mtoto, na mkono wa kulia ulipotakiwa kuichukua Y ulichelewa kufika, kama mtu aliyeitwa mbele ya watu ghafla. Nilikuwa najifunza herufi moja tu, lakini herufi ile katika Kiswahili imo kila mahali kama chumvi. Usipoijua hujui kitu. Nikaandika kasoro nyengine za kibodi kwenye karatasi yangu kwa uadilifu: ni nzito kwenye kikapu, waya ni mfupi, haina pa kulaza viganja, na sauti yake humfanya mteja anayesubiri afikiri unamkasirikia. Juu ya karatasi, mahali pa hukumu, niliacha wazi. Nisingeweza kumwambia mtu kitu kinafaa ilhali mkono wangu haujasema.

Wiki ya nne taitai ilikatika yenyewe nikiwa naandika mkataba wa nyumba. Niligundua baada ya kurasa mbili. Kidole kilikuwa huru na hakikuvuka. Nikaiokota kwenye sakafu, nikaitia kwenye mfuko wa shati.

Kishikizo cha kanzu niliendelea kufungiwa. Ijumaa baada ya Ijumaa. Jirani aliendelea kutazama ukuta.

Kisha ukaingia ule upepo wa kipupwe ambao asubuhi zake huku kwetu tunaziita baridi, na anayetoka Ulaya angetucheka. Nilifika dukani mapema, rafiki yangu ndiyo anafungua. Kibodi ililala mezani usiku kucha na mlango una mianya. Nikaketi, nikavisogeza vipande vya dhumna, nikaishika nusu ya kulia pembeni kuiweka sawa. Nikauondoa mkono haraka, kama mtu aliyegusa kitu asichokitarajia. Nikauweka tena, polepole: dole gumba, kisha kidole cha shahada. Cha kati kilikuwa bado kimelala, lakini viwili hivyo vilikuwa macho. Nikatulia hivyo, nikiwa siamini, nikiogopa hata kupumua.

Rafiki yangu alikuwa anapanga chaja zake kwenye kioo. "Sheikh, leo lazima niwajibu watu wa Dubai," akasema bila ya kugeuka. "Miezi miwili hii. Inafaa au haifai?"

"Ina baridi," nikamwambia.

Akageuka. "Nini?"

"Hiki chuma chake. Kina baridi."

Akasimama na chaja mkononi, akanitazama mimi, akautazama mkono wangu juu ya kile kipande cheusi. Akaiweka chaja.

"Basi naagiza," akasema.